Kodi juu ya Rasti: taarabu ya Unguja ndani ya kompyuta

Haya wadau, leo siasa tuiweke pembeni. Tuzungumze muziki, na hasa muziki ulioandikwa.

Tarehe 26 Agosti 2024 kampuni ya Kimarekani iitwayo MakeMusic ilitangaza kuwa haitaiendeleza tena Finale, programu ya kuandikia nota iliyokuwapo tangu 1988. Habari kama hiyo haipati nafasi kwenye gazeti la kwetu, na ningempelekea mhariri wangu angeniuliza kama nimekosa kazi ya kufanya. Pale Jaws Corner watu waliendelea kunywa kahawa yao na kubishana mpira. Lakini hebu fikiria kijana wa Mji Mkongwe aliyekaa miaka kumi na vipokea sauti masikioni, akisikiliza kanda za taarabu na kuziandika nota moja baada ya nyingine kwenye Finale. Siku ile mafaili yake yaligeuka mali ya programu iliyokufa. Yatafunguka leo, yatafunguka kesho, lakini ipo siku kompyuta mpya itayakataa. Itabidi ayahamishe. Na kuhamisha, kama mtu yeyote aliyewahi kuhama nyumba anavyojua, ndiko kunakovunja vyombo.

Nataka kuzungumzia vitu viwili vinavyovunjika: kodi na tabaka. (Kodi, wadau, si hii ya mapato. Ni ile wanayoisema wapiga gitaa na wapiga kinanda.)

Kodi ni nota tatu au zaidi zinazopigwa kwa pamoja. Badala ya kuziandika zote, mwandishi anaweka herufi juu ya ile mistari mitano: C, Am, G7. Mpiga gitaa akiiona anajua vidole viende wapi. Ndani ya kompyuta herufi hiyo si maandishi tu, programu inaielewa. Ukiupandisha wimbo kutoka C hadi D, herufi zote zinapanda pamoja nao. MuseScore, programu ya bure ambayo vijana wengi wanaitumia sasa, tangu toleo lake la 3.5 la mwaka 2020 inaweza hata kuzipiga hizo kodi yenyewe, usikie. Hilo likumbuke, tutalirudia.

Tabaka ni jambo jingine. Kwenye mistari mitano ileile unaweza kuandika sauti mbili, tatu, hadi nne, kila moja na mwendo wake, vijiti vya nota vikielekea juu kwa mmoja na chini kwa mwingine. Finale iliziita leya, Sibelius na MuseScore zinaziita sauti, na zote zinaishia nne. Ndani ya MuseScore kila tabaka lina rangi yake likiguswa: la kwanza buluu, la pili kijani, la tatu chungwa, la nne zambarau. Aliyewahi kuimba kwaya hahitaji kuelezwa. Soprano na alto wanakaa pamoja juu, tena na besi wanakaa pamoja chini, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Kwaya za Kikatoliki huko Bara zinachapa nyimbo mpya kwa mtindo huo bila kuchoka, na programu zinawatii kwa sababu zilizaliwa kwa ajili ya muziki wa aina hiyo. Ndugu pacha wa Kiingereza, Ben na Jonathan Finn, walipoitoa Sibelius mwaka 1993 kwa kompyuta za Acorn, walikuwa wanatatua matatizo ya mtu anayeandika kama Wazungu wanavyoandika. Si kosa lao. Hawakuwa na habari za Vuga.

Sasa turudi kwetu. Karatasi ya nota si ngeni Unguja kama tunavyodhani. Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na bendi ya mabomba ambamo Wagoa walipiga kwa kusoma nota. Wamisionari wa UMCA waliofika mwaka 1864 walikuja na nyimbo zao za kanisa, na baadaye ule mtindo wa do-re-mi unaoandikwa kwa herufi ukaenea katika kwaya kote Afrika Mashariki. Na ni Barghash huyohuyo ambaye, kwa habari inayosimuliwa tangu enzi, alialika wapiga muziki kutoka Misri kisha akampeleka Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza kanuni. Mwaka 1905 ikaundwa Ikhwani Safaa, ambayo ipo mpaka leo. Kwa hiyo katika mji mmoja mdogo, ndani ya miaka michache, kulikuwa na watu wa karatasi na watu wa sikio wakipishana njiani.

Na watu wa sikio hawakuwa wakiwaogopa wale wa karatasi. Waliposikia bendi za kijeshi za wakoloni walichukua mabomba na ngoma, karatasi wakaiacha, ikazaliwa beni. Wenyeji mnaijua Mbwa Kachoka inavyopita kwenye harusi na kukokota mtaa mzima nyuma yake. Nani alimwona mpiga tarumbeta wa beni na kitabu mbele yake?

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri za HMV. Upande mmoja wa santuri ulikuwa unabeba kama dakika tatu. Wimbo ambao kwenye barza ulikuwa ukienda mpaka watu wachoke, ulikatwa ukaingia humo. Baada ya hapo ikaja redio, Sauti ya Unguja, mwaka 1951, na kanda zake. Kila chombo kipya kilikuwa na sharti lake. Santuri ilitaka ufupi. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliimba nyimbo za Siti maisha yake yote kwa namna yake mwenyewe, na sijui mtu aliyethubutu kumwambia kuwa anakosea kwa sababu santuri inasema vingine. Hapo sikio bado lilikuwa na mamlaka kuliko chombo.

Karatasi ilipata nyumba rasmi mwaka 2002, kilipofunguliwa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, DCMA, katika jengo la forodha la zamani pale Mizingani. Ni hapo ambapo kijana angeweza kufundishwa udi na kanuni na mzee aliyejifunza kwa kukaa nyuma ya mzee mwenzake, na wakati huohuo akafundishwa kusoma nota. Mwaka 2019 chuo kilisema hadharani kuwa kiko hatarini kufungwa kwa kukosa fedha. Lakini kwa miaka ile kilikuwa kimeshatoa kizazi cha wapiga muziki wenye masikio mawili: moja la klabu, moja la karatasi. Ndio hao wanaoandika taarabu kwenye kompyuta leo. Na ndio wanaokutana na tatizo la kodi.

Tatizo lenyewe ni hili. Taarabu ya kizamani haina kodi. Okestra nzima inapiga wimbo mmoja, lakini kila chombo kinauvaa kwa mshono wake. Fidla zinateleza kutoka nota hadi nota. Kanuni inazijaza nafasi kwa nota za harakaharaka. Udi unaacha vipande na kuvirudia. Nai inapumua pale inapotaka yenyewe. Ukisikiliza kwa mbali ni sauti moja nene, ukisogea karibu ni watu watano wanaosema neno lilelile kwa lafudhi tano. Chini kuna besi na dumbaki na rika. Umoja huo haukujengwa kwa kupanga nota tatu mojamoja juu ya mwenzake. Umejengwa kwa tabaka.

Programu haijui hivyo. Kijana akimaliza kuandika wimbo, anaona nafasi tupu juu ya mistari mitano, na nafasi tupu ni kishawishi. Hasa kama anaandika kwa ajili ya bendi ya hoteli, ambako kuna mpiga kinanda aliyekuja jana na anaondoka kesho. Anaweka C, anaweka F, anaweka G. Inaonekana safi, ya kisomi, na mgeni yeyote anaweza kuipiga. Wimbo ukiwa katika maqamu ambazo akordioni inaziweza, na zipo nyingi, kidumbak nyingi na nyimbo nyingi za Culture Musical Club ziko huko, hakuna atakayelia. Lakini uwe katika Rasti.

Rasti ikianzia C inakwenda C, D, halafu inafika nota ya tatu, na hiyo si E wala si E flati. Iko katikati. Wataalamu wanapima kwa senti: kutoka C hadi E flati ya piano ni senti 300, hadi E ni senti 400. Ya tatu ya Rasti iko karibu na 350, na mpiga fidla mzuri haiweki pahala pamoja kila mara, anaisukuma kidogo akipanda, anaishusha akirudi. Nota ya saba, kwenye B, nayo ina tabia hiyohiyo. Hiyo ndiyo robo toni, ndiyo ile ladha inayomfanya bibi aliyekaa kimya saa nzima atoe noti kwenye mkoba anyanyuke kwenda kutunza.

Sasa andika C juu yake. Herufi hiyo ina maana ya C, E na G, na E yake ni ile ya 400. Andika Cm, unapata ya 300. Herufi ya katikati haipo. Mpiga kinanda anapiga anachokiona, mpiga fidla anapiga anachokijua, na hewani panakuwa na ugomvi mdogo wa senti 50. Nani atakayekubali yaishe? Kinanda cha kawaida hakiwezi kusogea. Fidla inaweza. Kwa hiyo usiku wa kwanza fidla inavumilia, usiku wa pili inasogea, na kufikia msimu wa pili wa watalii mpiga fidla yule yule anaucheza wimbo wa Rasti kama C meja, na mwanafunzi wake haijui kabisa ile nota ya katikati. Hakuna aliyeamua. Herufi moja iliandikwa tu kwa nia njema.

Wapo watakaosema mimi ni wale wa "zamani palikuwa pazuri". La hasha. Fidla yenyewe ilikuja, akordioni ilikuja, bongo na midundo ya rumba vimekuja kutoka Cuba kupitia santuri, na taarabu haikufa bali ilinenepa. Miaka ya 1990 East African Melody walikuja na kinanda cha umeme na rusha roho, wazee wakanuna, watu wakajaa ukumbini. Tena vipo vinanda vilivyotengenezwa kwa ajili ya soko la Kiarabu, vyenye vitufe vya kuishusha nota kwa robo toni. Ukitaka kubadilisha Rasti, ibadilishe. Ninachobishia ni mabadiliko yanayofanywa na programu kwa sababu tu haina kisanduku cha kile tulicho nacho.

Ugomvi huu si wetu peke yetu, na si wa jana. Mwaka 1932 Mfalme Fuad wa Misri aliitisha mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu mjini Cairo. Walifika wataalamu wa Kiarabu na wa Kituruki, na Wazungu wakiwamo watunzi Béla Bartók na Paul Hindemith. Walibishana kama oktava igawanywe vipande 24 vilivyo sawa, ili nota ziandikike na piano ziweze kutengenezwa, au iachwe kama masikio yanavyosikia. Walibishana kama piano iruhusiwe kabisa. Hawakukubaliana. Lakini alama zikaenea: flati iliyokatwa kwa mstari mdogo kuonyesha ile nota ya katikati. Miaka karibu mia baadaye alama hiyohiyo imo ndani ya MuseScore, unaiburuta kwa kipanya na kuiweka mbele ya E. Haisemi kila kitu, maana haikuambii kama ni 340 au 355, lakini inamwambia mpigaji: simama, hapa muulize mtu.

Kidogo nitoke nje ya mada. Farrokh Bulsara alizaliwa hapa Unguja mwaka 1946, dunia ikamjua kama Freddie Mercury, na watalii wanapiga picha mlangoni kwa jina lake. Bohemian Rhapsody ya 1975 ilitengenezwa kwa kurekodi sauti juu ya sauti, tabaka juu ya tabaka, waimbaji watatu wakigeuka jeshi zima. Ukitaka nota zake, na kodi zote juu, unanunua leo na unachapa nyumbani. Nenda ukatafute dukani nota za wimbo mmoja wa okestra ya Unguja wa miaka ya 1950, kila chombo na mstari wake. Nakutakia safari njema. Tuendelee.

Kwa hiyo kijana wetu afanye nini? Mimi si mwalimu wa muziki, ni mtu wa magazeti, lakini nimezunguka vya kutosha na wanaofanya kazi hii kuwa na msimamo. Tabaka la kwanza apewe mwimbaji, wimbo ulivyoimbwa, na beti zake chini. Tabaka la pili, kwa nota ndogo, liwe yale manjonjo ya fidla pale yanapoachana na mwimbaji. Kanuni na udi vipewe mistari yao vyenyewe, hata kama vinasema karibu kitu kilekile, maana hiyo "karibu" ndiyo taarabu. Ukurasa utakuwa mnene, ndiyo. Juu kabisa liandikwe jina la maqamu: Rasti, Bayati, Hijazi, vyovyote iwavyo. Neno hilo moja linamwambia mpiga kanuni atege vipi vile vichuma vidogo vinavyofupisha na kurefusha nyuzi kabla wimbo haujaanza, na linafanya kazi ambayo kodi ishirini hazitaifanya.

Na kama hoteli inataka kodi? Aziweke kwenye mstari wa peke yake, chini, wa gitaa au kinanda, usioonekana mpaka uitwe. MuseScore inaficha kitu kwa kubonyeza V. Asiziweke juu ya mstari wa mwimbaji kana kwamba zilizaliwa pamoja nao. Tena aandike zimewekwa na nani na mwaka gani. Wimbo una mtunzi wa maneno, una mtunzi wa mahadhi, na sasa una mtia kodi. Awe na jina, ili mwanafunzi ajue kuwa anaweza kumkatalia.

Nimalizie na mafaili ya Finale, maana ndiyo yaliyonifanya niandike. Njia ya kutoka ipo, inaitwa MusicXML. Ni mfumo wa maandishi uliobuniwa na Michael Good, toleo lake la kwanza rasmi likatoka 2004, na programu zote kubwa zinausoma. Unafungua faili lako, unalisafirisha kama MusicXML, unalifungua kwa MuseScore au Dorico. Nota zinavuka. Tabaka nne zinavuka zikiwa sauti nne. Kodi za kawaida zinavuka bila hata kukwaruzika. Robo toni nayo ina pahala pake mle ndani, inaandikwa kwa namba: toa nusu ya semitoni, yaani -0.5.

Lakini hapo pana sharti. Inavuka kama iliandikwa kama robo toni. Finale haikuwa rahisi kwa jambo hilo. Ilibidi utengeneze funguo zako maalumu, na mtu mwenye haraka alikuwa na njia ya mkato: anaandika E flati ya kawaida, au E ya kawaida, halafu anachora kimstari juu yake kama pambo, kwa jicho la mpigaji. Kwenye karatasi ilionekana sawasawa. Kompyuta yenyewe haikujua kuwa kile kimstari kina maana. Basi siku ya kuhama kimstari kinaweza kubaki njiani, na upande wa pili inafika E tupu. Na juu yake, zima kabisa, imevuka herufi C, na programu mpya iko tayari kuipiga.

Kwa hiyo ukihamisha, usianze kwa kutazama kichwa cha habari wala mpangilio wa ukurasa. Chapa kwanza nakala ya karatasi kutoka Finale ingali inafunguka. Halafu fungua lile jipya, zima kodi, weka ile kanda uliyoandikia, na nenda moja kwa moja kwenye nota ya tatu.